Watano mbele ya shimo la udongo
Tulipokuwa ukimbizini Pennsylvania, Marekani, binti yangu aliingizwa timu ya shule ya Envirothon, mashindano ya mazingira ya sekondari yaliyoanzia jimbo hilohilo mwaka 1979. Timu ni ya wanafunzi 5. Hutahiniwa juu ya udongo, misitu, maji, wanyamapori na mada moja ya mwaka, kisha hujieleza mbele ya majaji.

Wenzake walishika vitabu. Yeye alishuka shimoni, akaulowesha udongo, akaufinya kwa vidole: “Huu mfinyanzi, mvua ikizidi mihogo itaoza.” Alifundishwa na bibi yake Burundi, kabla hatujavuka kwenda Kigoma.

Kombe hawakupata. Sasa tumerudi Gitega, na mwalimu wake ananiuliza shimo lile lilikuwa na kina gani. Jumamosi tunachimba.