Sare ya muuguzi isifike jikoni

NA DAKTARI WETU

Jioni moja niliabiri matatu nikaketi karibu na muuguzi aliyekuwa akitoka zamu. Alikuwa angali na sare ya wodini. Aliposhuka, mtoto wake alimkimbilia, akamkumbatia.

Je, kuna hatari? Ipo, ingawa tusiitie chumvi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2000 ulionyesha kuwa bakteria za hospitalini huweza kuishi kwenye pamba na poliesta kwa siku kadhaa, hata wiki.

Hata hivyo, viini huenezwa zaidi na mikono. Ndiyo maana kanuni zilizotangazwa Uingereza mwaka wa 2007 ziliwataka wahudumu, madaktari wakiwemo, wasivae nguo za mikono mirefu, saa wala bangili wanapohudumia wagonjwa, ili wanawe barabara.

Muuguzi, badili nguo kabla ya kuondoka kazini. Ukilazimika kufulia nyumbani, ibebe sare katika mfuko wake na uifue peke yake. Mwongozo wa Uingereza unasema kufua kwa dakika 10 katika maji ya nyuzi 60 huondoa karibu viini vyote. Kisha ianike, uipige pasi.

Lakini muuguzi mwenye sare mbili tu, asiye na mahali pa kubadilishia nguo, atafanyaje? Wasimamizi wa hospitali watoe kwanza chumba, kabati na dobi, ndipo wamkemee.

Nawe mgonjwa, usione haya kumwuliza daktari kama amenawa mikono. Hata mimi niulize.