Mbio za Ramani na Dira: Juma Moja la Mkimbiaji wa London

Wasomaji wetu wazijua mbio za namna mbili. Ziko zile za uwanjani, mtu azungukazo mpaka kengele ikalia, na ziko zile za barabarani, ambazo njia yake imewekewa kamba na mishale, na polisi wamesimama njia panda kuzuia magari. Iko na namna ya tatu, ambayo kwetu haijulikani sana, nayo ni ile ambayo mkimbiaji hapewi njia kabisa. Hupewa ramani, na dira anayo mkononi, na juu ya ramani hiyo yamechorwa maduara yenye nambari. Katikati ya kila duara kipo kituo, na penye kituo hicho msituni kimetundikwa kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe. Akishaambiwa nenda, yampasa avifikie vituo vyote kwa taratibu ya nambari zake, na mwenye kutumia muda mchache ndiye mshindi. Apite bondeni au azunguke kilima, afuate ukingo wa kijito au akate msitu katikati, hilo ni shauri lake mwenyewe.

Mchezo huu ulizaliwa katika nchi za kaskazini ya Ulaya, na ulianza jeshini. Neno lake la Kiswidi, orientering, lilitumiwa mwaka 1886 katika chuo cha maofisa wa jeshi la Uswidi, na maana yake ilikuwa kuvuka nchi usiyoijua kwa msaada wa ramani na dira. Mashindano ya kwanza ya raia yalifanyika nchini Norwe, karibu na mji uitwao leo Oslo, tarehe 31 Oktoba 1897. Lakini aliyeutia roho mchezo huu ni Mswidi mmoja, Meja Ernst Killander. Yeye aliona vijana wa wakati wake wamechoshwa na mbio za kuzunguka uwanja, wanaziacha mmoja mmoja, akafikiri kwamba huenda kijana akarudi kukimbia iwapo na akili yake atapewa kazi ya kufanya. Mwezi wa Machi 1919 aliwakusanya zaidi ya watu 200 karibu na Stockholm akawapa ramani. Tangu siku hiyo mchezo haukurudi nyuma. Shirika lake la kimataifa liliundwa mwaka 1961 na nchi 10, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika nchini Finland mwaka 1966.

Uingereza waliupata baadaye. Miongoni mwa walioueneza huko katika miaka ya 1960 ni Chris Brasher na John Disley, wote wawili mashujaa wa mbio za kuruka viunzi na maji. Huyo wa kwanza alipata nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1956, na wa pili nishani ya shaba mwaka 1952. Watu wengi huwakumbuka hao kwa sababu ndio walioanzisha mbio ndefu za London mwaka 1981, ambazo kila mwaka huonyeshwa duniani kote. Wachache hujua kwamba kabla ya hapo walikuwa wakishinda misituni na ramani mkononi.

Sasa natuache mabingwa. Tumchukue mtu wa kawaida wa mji wa London, mfano wa wengi walioko huko, tumfuate juma moja la majira ya baridi. Umri wake wakaribia miaka 50, ana kazi ya kukaa kitini, ana mke na watoto, na goti moja halimtii kama zamani. Hatarajii kupata kikombe. Jumatatu hana alifanyalo ila kupumzisha miguu. Lakini usiku, watoto wakisha kulala, huitandaza mezani ramani ya Jumapili iliyopita, akashika kalamu nyekundu na kuichora njia aliyoipita kwa kweli, si ile aliyodhani kuwa anaipita. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini waalimu wa mchezo huu huihesabu kuwa nusu ya mafundisho. Jumanne hukimbia kasi, akapumzika, akakimbia tena, penye mwinuko fulani karibu na nyumbani kwake, na hapo hapana jipya la kusimulia.

Jumatano usiku ndipo penye maneno. Mwezi wa Disemba jua la London hutua kabla ya saa kumi ya alasiri, na msitu hauendeki tena ila kwa taa ya kichwani. Basi vyama vya mchezo huu vikatafuta hila: vikaigeuza mitaa yenyewe kuwa msitu. Watu hukutana mahali kama saa moja ya usiku. (Aghalabu makutano hayo huwa kwenye kilabu cha pombe, jambo lisilompendeza msomaji wetu wala mimi, lakini mbio zenyewe ziko nje, na asiyetaka kuingia ndani haingii.) Kila mmoja hupewa ramani ya mitaa na saa moja tu, wala hapana taratibu ya nambari. Vituo viko makumi, vya karibu vina alama chache na vya mbali vina alama nyingi, kila mtu akusanye awezavyo kisha arudi. Atakayechelewa hukatwa alama kwa kila dakika, na mwenye kuchelewa sana huweza kurudi akiwa maskini kuliko yule aliyetembea.

Hapana vibendera barabarani. Kituo huwa ni nguzo ya taa, au lango, au kibao ukutani, na zamani mkimbiaji alitakiwa aandike jibu kwa kalamu, kama vile nambari iliyoandikwa juu ya nguzo ile. Siku hizi mara nyingi simu iliyo mfukoni hutambua kwa setilaiti kwamba amefika, ikalia, naye akaendelea bila ya kusimama. Na ajabu ni hii: simu hiyo hiyo yenye kujua kila kichochoro cha London haruhusiwi kuiuliza njia. Imo mfukoni kuwa shahidi tu.

Mwenye kudhani kwamba mitaani ni rahisi kuliko msituni na autazame mto Thames. Kituo cha alama 50 huwa ng'ambo, mkabala nawe, taa yake waiona kwa macho, lakini daraja liko mbali kulia na jingine liko mbali kushoto. Zimebaki dakika 25. Ukivuka, lazima pia urudi. Hapo ndipo mtu hujijua: yuko ambaye tamaa humvusha, na yuko ambaye hesabu humrudisha, na wote wawili huweza kuwa wamekosea. Pia iko mitaa ya Barbican, ambayo mara kwa mara hupitiwa na mashindano makubwa ya mji yafanywayo mwezi wa Septemba. Humo nyumba zimejengwa kwa matabaka, njia za miguu zimepita hewani juu ya barabara, na ngazi iliyo mbele yako huenda ikakupeleka tabaka ambalo halina mlango wa kutokea. Hata wageni wa kawaida hupotea, mpaka ilibidi upigwe mstari wa rangi ya manjano chini ili waufuate. Katika ramani, kuta nene nyeusi ni marufuku kuvukwa, hata kama wimo wake hauzidi kiuno, na mwenye kuruka hufutwa jina. Mbio za mji zina sheria zake, kwani bustani ya mtu ni ya mtu.

London ndio mji unaofaa sana kwa habari hii kwa sababu nyingine. Madereva wa teksi nyeusi za huko hutahiniwa kwa moyo mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, na kujifunza kwao huchukua miaka. Mwaka 2000 wataalamu wa mji huo walichapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani kile kipande cha ubongo kinachohusika na kukumbuka mahali, ilikuwa kubwa kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine, na kwamba yule aliyedumu zaidi katika kazi ndiye aliyezidi. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, waliwauliza watu wazima wa umri mbalimbali, vijana kwa wazee, na wakimbiaji wa ramani walijieleza kuwa na uwezo zaidi wa kutambua na kukumbuka njia. Haya si ushahidi wa kwamba mchezo hutibu usahaulifu, wala mtu asiambiwe hivyo. Lakini mzazi ambaye mwanawe hawezi kutoka nyumbani hata shuleni bila ya kuongozwa na sauti ya simu, ana haki ya kuyafikiri.

Alhamisi ni zamu ya nyumba. Mkewe naye ana shughuli zake usiku huo, na yeye hubaki na watoto. Nayataja haya kwa makusudi, kwani wako watu ambao mchezo huwala nyumba zao: viatu vya bei, saa za mkononi zenye kuhesabu kila pigo la moyo, na Jumapili zote hazina baba. Mtu wetu amelitengeneza hilo kwa kuwachukua watoto pamoja naye. Jumamosi asubuhi huwapeleka bustanini, ambako chama kimeweka vituo vya wadogo. Wale wadogo kabisa hufungiwa uzi kutoka mti mpaka mti, wakaufuata kwa mkono wakitafuta picha zilizotundikwa. Wakikua hupewa njia iitwayo nyeupe, kisha ya manjano, kisha ya chungwa, na ugumu huongezeka kwa kadiri ya rangi. Katika mashindano kuna daraja za umri kuanzia walio chini ya miaka 10 hata wazee wa miaka 80 na zaidi, wanaume mbali na wanawake mbali, na bibi na mjukuu huweza kutoka msitu mmoja siku moja, kila mmoja na matokeo yake. Yafaa pia kusema kwamba msituni nguo ndefu za kufunika miguu ndizo zivaliwazo, na mara nyingi waandalizi huzilazimisha, kwa sababu ya miiba na ya kupe waletao maradhi ya Lyme.

Jumapili huenda msitu wa Epping, upande wa kaskazini-mashariki ya mji, ambao sheria ya mwaka 1878 iliuokoa usikatwe viwanja. Hapo ndipo ramani huonyesha uso wake wa kweli. Katika ramani hizi, rangi nyeupe si uwanda, bali ni msitu unaokimbilika. Uwanda ni wa manjano. Kijani ni kichaka, na kila inapokoza ndivyo kichaka kinavyokaza, mpaka kile ambacho mtu hapenyi. Buluu ni maji, nyeusi ni majabali na kazi za mikono ya watu, na mistari ya rangi ya udongo huonyesha vilima na mabonde. Kwa kipimo cha 1:10,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 100 za ardhi. Mkimbiaji huishika ramani ameigeuza hata kaskazini yake ikaelekea kaskazini ya dira, na kidole gumba hukiweka pale alipo, kikawa kinatambaa juu ya karatasi kama yeye atambaavyo juu ya nchi.

Hatari yenyewe haimo miguuni. Imo katika dakika ile ambayo mtu amekwisha kupotea naye hajakubali. Ramani yasema kijito kiko kushoto. Yeye akiona kiko kulia, hujiambia kwamba mchoraji alikosea. Ramani yasema njia mbili. Yeye aiona moja, akasema ya pili imefunikwa na majani. Hivyo huilazimisha nchi ifanane na karatasi, na kila hatua humzidisha mbali. Epping ina vijito vidogo vingi vinavyofanana kama ndugu, na wengi wamekitafuta kituo chao nusu saa nzima kando ya kijito kisicho chao. Dawa ni moja nayo ni chungu: simama. Uache saa iende, uache wenzio wakupite, uielekeze ramani upya. Ukishindwa, rudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na yakini napo. Mtu mwenye kasi huona taabu sana kufanya hivyo kuliko mtu mzito, na kwa hiyo si ajabu mzee mwenye goti bovu kumshinda kijana.

Kila kituoni hutia kijiti kidogo cha elektroniki, avaacho kidoleni, ndani ya kisanduku kikalia, na wakati wake ukaandikwa. Mwishoni hupewa karatasi yenye dakika za kila kipande, na hapo watu husimama kando ya magari yao na chai mkononi, ramani juu ya ramani, wakibishana: wewe ulipita wapi kutoka cha nne kwenda cha tano?

Na iko amri moja ambayo hapana mchezo ndani yake. Aliyemaliza na asiyemaliza, aliyeumia, aliyechoka, aliyekasirika akaacha katikati, wote lazima wapite mwishoni wakaseme kijiti chao kabla ya kwenda nyumbani. Anayejiendea zake kimya huhesabiwa kuwa yumo msituni, na watu hurudi kumtafuta gizani kwa tochi na filimbi, hali yeye yuko kwake anakula. Basi waandalizi hukaa pale, baridi ikiwapiga, wakilinganisha orodha ya walioingia na orodha ya waliotoka, mpaka jina la mwisho lipate alama yake. Baada ya hapo ndipo huingia msituni kuviondoa vibendera.