Kufufua pikipiki ya zamani kuanzia kwenye breki

Pikipiki ya Triumph Bonneville T120 ilianza kuuzwa mwaka 1959 kutoka kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, Uingereza. Injini yake ya silinda mbili, cc 649, iliiwezesha kuvuka kilomita 160 kwa saa bila shida. Kasi yote hiyo ilizuiwa na breki mbili za dramu zisizo na pampu wala mafuta ya breki: ya mbele ilivutwa kwa waya, ya nyuma ikasukumwa kwa pedeli na fito ya chuma. Pikipiki hizo leo hutafutwa na kufufuliwa katika nchi nyingi, na mara nyingi kazi huanza na tangi, rangi, kromu na injini, breki zikaachwa hadi mwisho. Afadhali mpango huo ugeuzwe. Injini iliyokosewa huzima, lakini breki iliyokosewa hugunduliwa njiani, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Dramu ni chombo cha chuma cha mviringo kilicho katikati ya gurudumu, na huzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna shuu mbili zilizopinda kufuata mviringo huo, zikiwa zimevikwa liningi, yaani tabaka la kusuguana na dramu, na zimeshikiliwa na sahani ya breki isiyozunguka. Upande mmoja shuu hukaa kwenye pini. Upande wa pili, kati ya ncha zake, mna kemu, yaani chuma kifupi kilichobapa. Dereva akivuta breki, waya huvuta wenzo, wenzo hugeuza kemu, na kemu huzitanua shuu hadi liningi igusane na dramu. Akiachia, springi huzirudisha. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya namna hii kwenye gurudumu la nyuma hadi leo, kwa hiyo fundi anayeijua hiyo tayari anajua sehemu kubwa ya breki ya Bonneville.

Kinachoipa dramu nguvu yake ni mwelekeo wa mzunguko. Kwenye shuu moja, dramu hupita ikitokea upande wa kemu kuelekea kwenye pini. Msuguano huikokota shuu hiyo na kuzidi kuibana kwenye dramu, kama kabari inavyozidi kujikaza mlango unaposukumwa juu yake. Hiyo ndiyo shuu inayotangulia. Shuu ya pili hukutana na mzunguko kwa kinyume, nayo husukumwa mbali na dramu. Hiyo ni shuu inayofuata. Kazi ya shuu inayotangulia huweza kufika mara mbili au zaidi ya kazi ya mwenzake, na ndiyo sababu liningi mbili za breki moja hazilingani katika kulika.

Wahandisi walitumia siri hiyo kwa kuongeza kemu ya pili, ili kila shuu iwe na kemu yake kwenye ncha ifaayo na zote mbili ziwe za kutangulia. Bonneville ilipata breki ya mbele ya aina hiyo kwenye toleo la 1968, katika dramu ya inchi 8, na mabadiliko yalionekana wazi. Suzuki ilikwenda mbali zaidi: GT750 ya kwanza ilikuwa na dramu ya pande mbili mbele, yenye shuu nne zote za kutangulia. Hata hivyo, shuu inayotangulia hutangulia kwa mwelekeo mmoja tu. Pikipiki ikianza kurudi nyuma mlimani, breki ya mbele yenye shuu mbili za kutangulia hugeuka kuwa yenye shuu mbili za kufuata, na hushika kwa udhaifu mkubwa. Breki ya nyuma, ambayo kwa kawaida ilibaki na shuu moja ya kila aina, ndiyo inayoshikilia hapo.

Adui wa dramu ni joto. Pikipiki na dereva wake, jumla ya kilo 250, wakienda kilomita 100 kwa saa wanabeba nishati ya karibu kilojuli 96. Wakisimama, sehemu kubwa ya nishati hiyo huwa joto ndani ya breki, na kasi ikiongezeka mara mbili joto huwa mara nne. Kusimama mara moja si tatizo. Kwenye mteremko mrefu wenye kona nyingi, joto halipati nafasi ya kutoka: dramu hutanuka na kuzikimbia shuu, liningi hupungua uwezo wa kushika, na mkono wa breki husogea kuelekea kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo ipasavyo. Breki ya diski, iliyo wazi kwenye upepo, hupoa upesi zaidi. Honda ilipoitoa CB750 mwaka 1969 ikiwa na diski mbele, njia ilikuwa imeonyeshwa. Triumph nayo iliifuata kwenye gurudumu la mbele mwaka 1973.

Hata hivyo, sifa mbaya ya dramu imepita kiasi. Breki nyingi za zamani zinazoitwa dhaifu ni breki ambazo liningi yake inagusa sehemu ndogo tu ya dramu, na kasoro hiyo hurekebishika.

Ufufuaji huanza kwa kufungua, na hapo kuna hatari isiyoonekana. Liningi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani. Mazoea ya kupuliza dramu kwa upepo wa kompresa yaachwe kabisa. Vumbi hulowanishwa, hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na fundi huvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Liningi iliyonyonya mafuta au grisi haifai kuoshwa irudi kazini; hutupwa, na sili iliyovujisha hubadilishwa.

Kisha dramu hupimwa kipenyo sehemu kadhaa za mzunguko wake. Ikiwa imekuwa ya yai, dereva huhisi breki ikishika na kuachia kila gurudumu linapozunguka. Dawa yake ni kuikereza, na hapa ndipo wengi hupoteza kazi nzuri: hukereza habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye dramu, ikiwa peke yake, kisha hufunga spoku. Spoku zinapokazwa huivuta habu, na mviringo uliopatikana kwenye mashine hupotea. Gurudumu lifungwe kwanza, spoku zikazwe na rimu inyooshwe, ndipo dramu ikerezwe, tena kidogo iwezekanavyo. Dramu nyembamba hutanuka upesi na haina chuma cha kutosha kubeba joto.

Liningi mpya nazo hukerezwa zikiwa juu ya sahani yake, hadi zipate mviringo mdogo kidogo kuliko wa dramu. Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo cha gharama. Liningi hupakwa chaki, gurudumu hufungwa na kuzungushwa breki ikiwa imevutwa kidogo, kisha hufunguliwa tena. Chaki ikifutika katikati au nchani tu, shuu bado haijakaa. Ikifutika karibu uso wote, imekaa. Ncha ya mbele ya liningi hupigwa tupa kidogo ili breki isidake ghafla.

Wenzo wa kemu unastahili jicho kali. Breki ikiwa imeshika kabisa, pembe kati ya wenzo na waya inapaswa kukaribia nyuzi 90, maana hapo mkono wa dereva unapata nguvu yote. Ikipita hapo, nguvu hupungua. Kusogeza wenzo jino moja ili kuficha liningi iliyokwisha ni hatari: kemu inaweza kugeuka kupita kiasi na kukwama. Urefu wa wenzo nao una maana. Breki ya mbele ya Bonneville ya 1971, yenye habu ya umbo la koni, ililalamikiwa kwa wenzo mfupi, na wamiliki wengi huufunga mrefu zaidi. Kwenye breki yenye kemu mbili, fito inayounganisha nyenzo za kemu hizo hurekebishwa hadi shuu zote ziguse kwa wakati mmoja.

Waya wa zamani ubadilishwe, kwani ganda lililolegea hujibana na kula nguvu ya mkono. Mwisho huja hatua ya dakika chache ambayo husahaulika sana: nati ya ekseli hulegezwa, gurudumu huzungushwa, breki huvutwa kwa nguvu na kushikiliwa, kisha nati hukazwa mkono ukiwa bado umebana. Kwa njia hiyo shuu hujipanga zenyewe katikati ya dramu. Kizuizi kinachoishikilia sahani ya breki isizunguke hukaguliwa pia, kwa sababu kikiachia, sahani huzunguka na gurudumu hujifunga.

Safari za mwanzo hufanywa kwenye barabara tulivu, kwa kasi ya wastani, breki ikivutwa taratibu na kuachwa ipoe kila mara. Liningi hulika haraka siku hizo hadi uso wake ulingane na dramu, hivyo waya hurekebishwa tena, na hatua ya kulegeza na kukaza nati ya ekseli hurudiwa.