Mtoto wa Mkata Miwa na Mtihani wa Kidato cha Nne



Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Desemba, katika kambi zetu za miwa na chai hapa Uganda huwa kuna nyumba ambazo redio haifunguliwi jioni. Ndani yumo mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, UCE, au ule wa kidato cha sita, UACE. Wazazi wengi wa watoto hao hawakufika huko. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na katika wanachama ninaowatembelea kwenye matawi, waliovuka hapo ni wa kuhesabu. Basi mzazi hukaa kimya. Hufikiri kazi yake ni kutafuta karo, na mengine yote ni ya mwalimu. Nawaandikia wazazi hao, maana yako mengi wanayoweza kuyafanya.

Tuanze na jambo ambalo wengi bado hawajalisikia. Mtihani wa kidato cha nne si ule wa zamani. Mtaala mpya ulianza kwa watoto wa kidato cha kwanza mwaka 2020, ukakutana na korona iliyofunga shule zetu karibu miaka miwili, toka Machi 2020 hadi Januari 2022. Kundi lake la kwanza likafanya mtihani mwaka 2024. Katika mtaala huu, alama 20 katika kila 100 zinatokana na kazi anazozifanya mtoto shuleni akiwa kidato cha tatu na cha nne. Mwalimu huzipima, huziandika, na shule huzipeleka kwa Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Zile 80 zilizobaki ndizo za mtihani wa mwisho.

Maana yake ni nini kwetu? Zamani mtoto aliweza kulegea miaka mitatu, kisha muhula wa mwisho akakesha na vitabu, akapenya. Wazee wa kambini wanawajua watu waliopita kwa njia hiyo. Leo mtoto aliyekosa shule wiki sita akiwa kidato cha tatu amekwisha kupoteza alama ambazo kukesha kwa Oktoba ya mwaka wa pili hakutazirudisha.

Sasa tazameni mashamba. Wanaokaa upande wa Busoga wanajua ninalosema. Miwa ikikomaa na malori yakipanga foleni, vijana huonekana shambani wakikata na kupakia, na wengi wao daftari zao ziko nyumbani chini ya kitanda. Hawatumwi na kiwanda. Mara nyingi huchukuliwa na wakulima wadogo wanaouza miwa viwandani, au na madalali wa vibarua, na hulipwa kwa kifungu au kwa lori. Mtoto akishashika fedha yake mwenyewe ni vigumu kumrudisha kwenye dawati. Katiba ya mwaka 1995 inawalinda watoto walio chini ya miaka 16 na kazi za hatari au zinazowazuia kusoma. Lakini mtoto wa kidato cha tatu mara nyingi amefika 16 au amepita, na hapo mlinzi wake wa karibu zaidi ni mzazi.

Najua jibu nitakalopewa: "Ndugu, hatuna." Ni kweli hatuna. Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa na sheria mpaka leo. Bunge lilipitisha muswada mwaka 2019, rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mshahara wetu ni ule tunaoupigania wenyewe katika mkataba wa pamoja na mwajiri, na ndiyo sababu nasema suala la masomo lisiachwe mlangoni tunapoingia kwenye mazungumzo.

Katika shamba moja ambalo sitalitaja, mishahara ililipwa tarehe 10 ya mwezi, na shule zilifunguliwa siku za kwanza za mwezi. Kila muhula watoto wa wafanyakazi walikaa nyumbani wiki moja na nusu wakisubiri karo, wakati watoto wa makarani, waliolipwa mapema, wako darasani. Tawi halikuomba shilingi ya ziada. Liliomba kwamba mwanzoni mwa kila muhula mfanyakazi mwenye mtoto shuleni apewe sehemu ya mshahara wake kabla ya siku, ikatwe mwisho wa mwezi. Uongozi ulikataa mara mbili ukisema hesabu zitavurugika. Mara ya tatu wajumbe walikuja na orodha ya majina ya watoto na siku walizokosa, wakaisoma mezani moja moja. Walikubaliwa. Matawi mengine nayo yaulize: ruhusa ya nusu siku kwa mkutano wa wazazi, taa kwenye ukumbi wa kambi hadi saa nne usiku, kubadilishana zamu kwa mama ambaye mtoto wake yumo mitihanini. Haya hayamfilisi mwajiri.

Kwa wale ambao watoto wao wamo katika mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ulioanza mwaka 2007, kumbukeni kwamba "bure" haina maana ya bure kabisa. Chakula cha mchana, sare na vitabu bado vinakungoja. Lakini ada ya UNEB ya kidato cha nne kwa watoto hao hulipwa na serikali. Ukidaiwa, uliza kwa nini, na uulize mbele ya wazazi wenzako.

Hapa pana hatari nyingine. Kila mwaka husikika habari za watoto wanaofika siku ya mtihani wakakuta majina yao hayamo. Mzazi alilipa, shule haikumsajili. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, na anayechelewa hutozwa zaidi. Usingoje Oktoba. Nenda shuleni kabla muhula wa pili haujafika mbali, uombe kuona jina la mtoto kwenye orodha pamoja na namba yake ya mtahiniwa. Soma herufi za jina moja moja, kwa sababu jina likikosewa hapo, cheti nacho kitakuwa na kosa. Asiyejua kusoma aende na mjumbe wa tawi, hiyo si aibu hata kidogo. Na risiti zote ziwekwe.

Kuna pia wale wanaokuja usiku na simu wakisema wana karatasi ya mtihani. Wengi wao ni matapeli tu, wanauza maswali waliyoyatunga. Hata kama si matapeli, UNEB huzuia matokeo ya shule zinazoshukiwa, na sheria ya mwaka 2021 iliongeza ukali wa adhabu. Shilingi hizo zinunue mafuta ya taa.

Nyumbani, mzazi asiyejua fizikia afanye nini? Mwambie mtoto akueleze alichosoma leo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akikwama katikati, amejua mwenyewe wapi pa kurudia, nawe hukuhitaji kujua chochote. Angalia tarehe kwenye daftari: ukiona zimeruka kutoka tarehe 3 hadi tarehe 19, hapo pana swali. Wapunguzie kuteka maji na kulea wadogo zao miezi ile ya mwisho, hasa wasichana, ambao kazi za nyumba huwamaliza kabla hawajafungua kitabu. Na msichana aliyepata mimba hajaachwa nje: miongozo ya wizara ya mwaka 2020 inamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Nimewasikia akina baba wakisema "huyo amekwisha." Hajakwisha.

Mtoto anayenunuliwa vitabu vya mitihani iliyopita, tazameni mwaka. Ile ya kabla ya 2024 iliulizwa kwa mtindo wa zamani wa kukariri, na wachuuzi sokoni bado wanaiuza kama mipya. Ina faida kidogo, lakini isiwe tegemeo.

Na liko somo moja ambalo mkata miwa anaweza kuwa mwalimu wake. Kiswahili sasa kinafundishwa kwa lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi. Lugha hii tuliyoipata kwenye mistari ya miwa, tukizungumza na wenzetu waliotoka makabila mengine, watoto wa mjini wanailipia masomo ya jioni. Zungumzeni nao.

Sasa tuje kwenye safari ya baada ya kidato cha nne, ambako wazazi wengi hufuata fahari. Kila mmoja anataka mtoto aende kidato cha tano. Ni vizuri, kama alama na mfuko vinaruhusu. Lakini masomo anayochagua hapo ndiyo yanafunga na kufungua milango. Anayetaka udaktari bila baiolojia na kemia anajidanganya, na uhandisi unataka hisabati na fizikia. Mwisho wa kidato cha sita, ili aingie digrii anatakiwa afaulu angalau masomo makuu mawili. Serikali hulipia kiasi cha wanafunzi 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vyake, wengi wao wa sayansi, na sehemu ya nafasi hugawanywa kwa wilaya. Mfanyakazi aliyehama kutoka Arua au Kabale na kuzaa watoto kambini amalize mapema swali la wilaya ya asili na barua zake. Kuna pia mkopo wa serikali, ulioanza mwaka 2014: unalipia masomo, si chakula wala chumba, nao hurudishwa.

Ila nendeni siku moja karakana ya kiwanda mtazame. Nani anaitwa usiku mashine ikisimama? Fundi umeme, mchomeleaji, mtu wa boila. Maabara inayopima utamu wa miwa yetu inaendeshwa na mtu aliyesoma kemia. Vyuo vya ufundi huchukua watoto wa kidato cha nne kwa cheti cha miaka miwili, na mwenye cheti anaweza kuendelea na stashahada katika chuo kama Kyema, karibu na Masindi, au Kichwamba upande wa Fort Portal. Msichana au mvulana aliyefaulu baiolojia, kemia na fizikia anaweza kuomba cheti cha uuguzi. Ile njia ya zamani ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi baada ya kidato cha nne, msiitegemee tena: sera ya mwaka 2019 inataka walimu wawe na digrii.

Matokeo ya kidato cha nne hutoka kwa kawaida kama Februari. Huna haja ya kupanda basi kwenda shule: andika kwenye simu UCE, acha nafasi, andika namba ya mtahiniwa, tuma kwenda 6600. Kati ya mtihani na siku hiyo mtoto ana karibu miezi mitatu. Kabla hajaomba panga la kukatia miwa, mleteni tawini. Tutamtafutia fundi wa kumkalisha karibu naye, na makatibu wa matawi wameombwa kuwa na fomu za vyuo vya ufundi mkononi ifikapo Januari.