Umeme ukikatika, data zako zinapona?

Leo naongelea MySQL, programu huria ya kutunza data. Kama hesabu zako za mbao au viazi zimo humo, soma hii.

Umeme ukikatika ghafla, kupona kwa data kunategemea sana aina ya majedwali. MyISAM, aina ya zamani, huandika moja kwa moja kwenye jedwali. Ikikatizwa katikati, jedwali linaweza kuharibika. InnoDB huandika mabadiliko kwanza kwenye daftari lake. Umeme ukirudi inalisoma, inakamilisha kilichothibitishwa, na kilichoishia njiani inakifuta. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, MySQL hutengeneza majedwali ya InnoDB yenyewe, ila ya zamani hayabadiliki mpaka uyabadilishe.

Ndani ya MySQL, fungua data zako, kisha cheki:

SHOW TABLE STATUS;

Angalia safu ya Engine. Ukikuta MyISAM, usikurupuke! Toka kwanza, uchukue nakala kwenye dirisha la amri za kompyuta:

mysqldump -u root -p duka > duka.sql

Halafu rudi ndani ubadilishe jedwali mojamoja:

ALTER TABLE mauzo ENGINE=InnoDB;

"duka" na "mauzo" ni mifano tu, weka majina yako.

Ila InnoDB haizuii mwizi wala diski kufa. Mimi nasema nakala iwe kwenye flashi, na flashi ilale nyumba nyingine. Swali? Tupia hapo chini.