Mguu wa Matende na Dawa za Chupa

Tunaulizwa mara kwa mara kama vidonge na dawa za chupa zinazosifiwa kuwa "husafisha limfu" zitapunguza mguu wa matende. Jibu letu ni hapana. Matende huletwa na minyoo myembamba inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya kurudisha majimaji ya mwili, na hakuna dawa lishe iliyothibitika kuitengeneza. Wala neno "asilia" lisitudanganye. Kumarini, kitu kipatikanacho katika mimea, kilitumika kwa uvimbe wa namna hii, lakini mwaka 1996 Australia ilikiondoa sokoni kwa kuwa kiliwadhuru watu maini.

Anayekusudia kununua asome kwanza kilichomo, kiasi chake, tarehe ya kuisha na namba ya usajili. Chupa isiyo na maandishi hayo iacheni dukani. Yenye maandishi nayo mwonyesheni daktari, hasa mama mjamzito.

Fedha hiyo ingetosha sabuni ya miezi. Osheni mguu kila siku kwa maji safi, mkaushe taratibu katikati ya vidole, mtibu vidonda, na mgonjwa ainue mguu akiketi. Ukipata moto na maumivu pamoja na homa, nendeni zahanati siku hiyo hiyo.