Kutuma Maana Badala ya Data Yote: Mwananchi Atafaidika Vipi?

Wakazi wa maeneo yenye mtandao hafifu wanaijua vyema adha ya kusubiri picha au video ambayo haifunguki. Wahandisi wa mawasiliano sasa wanachunguza njia ya kupunguza tatizo hilo: kutuma maana ya ujumbe badala ya data yote.

Simu za leo hugeuza sauti, picha na maandishi kuwa mfululizo wa sifuri na moja, kisha mtandao hujitahidi kuufikisha bila makosa. Nadharia ya mfumo huo iliwekwa mwaka 1948 na Mmarekani Claude Shannon, aliyeeleza kuwa maana ya ujumbe haikuwa kazi ya mhandisi. Mwaka 1949, Warren Weaver aliongeza maswali mengine: je, maana iliyokusudiwa imeeleweka, na je, aliyepokea amechukua hatua inayofaa? Watafiti wa mitandao ya kizazi cha sita (6G) wanayarudia maswali hayo.

Chukua mfano wa kamera iliyowekwa kando ya mto. Kutuma video mfululizo kunahitaji mtandao wenye nguvu. Lakini kamera ikiweza kutambua yenyewe kwamba maji yamepita alama ya hatari, inatosha itume habari hiyo tu. Data hupungua, betri hudumu, na onyo huwafikia wanaoishi bondeni kabla ya mafuriko.

Hata hivyo, kuna hatari. Mtambo unaopokea hujaza yaliyoachwa kwa kukisia kulingana na mifano uliyofunzwa. Ukikosea, picha ya jani la mahindi inaweza kumfikia afisa wa kilimo ikiwa safi kabisa, ilhali doa la ugonjwa limepotea. Kiasi cha pesa, kipimo cha dawa na namba ya kitambulisho havikisiwi. Lazima vifike kama vilivyotumwa. Kwa hivyo, njia mpya haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya zamani katika kila jambo.

Teknolojia hii ingali katika utafiti, na mkazi hahitaji kubadilisha simu yake. Funzo lake, hata hivyo, linatumika leo. Dharura inapotokea mahali penye mtandao hafifu, usisubiri video ipite. Tuma ujumbe mfupi wa maandishi ukitaja mambo matatu: mahali, kilichotokea, na idadi ya watu wanaohitaji msaada.